Mji Unaoitwa Mbele

Harufu ya tairi linalokatwa kwa kisu kilicholowa maji haifanani na nyingine. Si harufu ya tairi linaloungua, ile inakaba koo. Hii ni baridi, kama chuma kilichochanganyika na vumbi la barabara, na ukiivuta kwa muda inaacha ladha nyuma ya ulimi. Ninyi wa rika langu mliokulia Mara mnaijua. Sote tulivaa katambuga za mpira wa tairi kabla ya kuvaa viatu, hata wale ambao leo wanakana.

Harufu hiyo iliingia sebuleni kwangu juzi, hapa Nyakato, Musoma, nilipofungua sanduku la zana la marehemu baba. Tulikuwa tumemaliza matanga. Wadogo zangu wa mama wa kambo waligawana ng'ombe, na mimi nikaletewa sanduku kwa bodaboda, limefungwa kwa kamba ya mpira. Nilifungua kifuniko kidogo tu. Harufu ikanipanda usoni, nikakifunga tena, nikaketi kwenye kochi nikilitazama kama mgeni aliyekuja bila kupiga simu.

Niseme bila haya, maana haya haijawahi kunilisha: mimi nimejijenga mwenyewe. Nilitoka Butiama na begi moja, nikafanya kazi za ndani Muscat, nikaogesha wazee Birmingham, na kwa jasho langu nikasomea diploma ya usafirishaji na utalii. Darasani nilikaa na watoto waliolipiwa kila kitu na wazazi wao, nikawashinda. Diploma hiyo iko ukutani kwenye fremu, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Nimerudi, nimejenga, nimefungua ofisi Musoma mjini ya kuwapangia watu safari. Mteja wangu hajawahi kulala stendi. Akitoka hapa kwenda Guangzhou anajua jina la dereva atakayempokea na kitanda chake kiko ghorofa ya ngapi. Wenzangu wa biashara hii hunicheka kwamba napanga hadi mahali pa kukojoa. Nacheka nao, kisha nawapita.

Lakini wiki ileile ya sanduku, binti yangu alinitumia ujumbe wa sauti. Anaishi Birmingham na baba yake, na likizo huja kwangu. Safari hii alitaka twende Uganda kupitia Kenya, sisi wawili tu. Nilikuwa nimemtumia ratiba nzuri, saa kwa saa, hoteli zote zimeshikwa. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, ratiba hapana. Sisi tunaenda tu. Tutaona mbele."

Sijui neno hilo alilitoa wapi. Si kwangu. Mimi sijawahi kulitamka mbele ya mtoto.

Nimelisikiliza mara nyingi, huku sanduku likiwa miguuni pangu. Na kila nikilisikiliza narudi kule ambako nilikuwa mtoto, sina meno ya juu, na nilikuwa nimebeba, chini ya nguo zangu ndani ya mfuko wa rambo, mzigo ambao baba hakuujua.

Baba alikuwa fundi katambuga. Wengine walilima pamba, wengine walivua, yeye alikata matairi. Siku za mnada aliketi kwenye kigoda na sanduku lake mbele yake, kopo la maji pembeni la kuchovya kisu, na tairi la lori limelala kama nyati aliyechinjwa. Kabla ya kuutazama uso wa mtu aliitazama miguu yake. Watu walimtania kwamba huyu hasalimii mtu, anasalimia nyayo. Mteja alisimama juu ya mpira, baba akamzungushia chaki, na baada ya hapo hakuhitaji kumpima tena maisha yake yote. Mtu angeweza kupotea miaka, akarudi amenenepa, amepata mvi, baba akasema tu, "Wewe wa kisigino kipana, karibu." Mimi alinipima kila mvua za vuli zilipoanza. Alinisimamisha uani, akauchora mguu wangu kwa mkaa kwenye udongo, akapiga mluzi wa kushangaa jinsi nilivyokua.

Mama alikuwa Mjita kutoka vijiji vya ziwani, aliyeolewa huku kwetu kwa Wazanaki na kujifunza lugha yetu kwa kuchekwa. Kidole gumba chake cha mguu wa kushoto hakikuwa na ncha. Jembe lilikila siku moja shambani. Kwa hiyo baba alimtengenezea katambuga za peke yake. Ya kushoto ilikuwa fupi kidogo mbele, na mkanda wake ulipita upande, ili usiguse lile kovu. Hapakuwa na jozi nyingine kama ile katika mkoa mzima, na Mama alitembea nazo kwa maringo kana kwamba kukatwa kidole ni cheo.

Siku aliporudishwa kutoka hospitali ya Musoma alikuwa nyuma ya pikapu, amefunikwa blanketi la kijivu. Blanketi halikumtosha. Nilisimama kwenye mlango wa jiko na nilichokiona ni nyayo zake, peku, zimegeukia kwangu. Nikakimbilia ndani nikainama chini ya kitanda. Katambuga zake zilikuwa pale, zimekaa sambamba kama alivyoziacha. Nikawaza: wamemchukua haraka, hawakumpa nafasi ya kuvaa.

Mimi nilipelekwa kwa jirani. Sikuyaona mazishi, niliyasikia. Katekista alikuwa na sauti kubwa na alihubiri kwa Kiswahili kwa sababu ya wageni waliotoka ziwani. Akasema mwenzetu ametangulia mbele, sisi sote tuko njiani, tutamkuta. Jioni shangazi yangu, dada yake baba, alinipakata akaninong'oneza maneno yaleyale, "Mama ametangulia mbele, usilie." Sikulia. Kwa nini nilie? Mtu akitangulia mnadani, si unamfuata? Kilichonisumbua ni barabara ya mawe na zile nyayo.

Mnapaswa kuelewa kwamba Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya darasa la kwanza na ya Jumapili. Nyumbani tulizungumza Kizanaki. Lakini baada ya siku ile baba aliifunga lugha yetu kama mtu afungavyo chumba. Alianza kunisemesha Kiswahili, kile cha mnadani, kifupi, cha kuuliza bei. Nilidhani anakasirika. Leo nadhani kwamba kila neno la nyumbani lilikuwa limepita kwenye mdomo wa Mama na kutoka limechekwa, na hakuweza kuligusa. Wakati ule nilijua tu kwamba nyumba imekuwa na sauti ya ofisini.

Ndipo siku moja akafunga sanduku, akaniambia, "Chukua nguo zako, mama. Tunasafiri." Mama ndilo jina aliloniita siku zote, kwa sababu nimeitwa jina la mama yake. Nikachukua nguo. Nikachukua na katambuga za Mama, nikazisokomeza chini kabisa.

Kituo cha kwanza kilikuwa Bunda, kwa shangazi, mtaa wa Nyasura. Nilikaa mlangoni nikinusa harufu ya mbegu za pamba iliyokuwa imeingia hadi kwenye mapazia yake, nikawasikiliza wakizozana. Shangazi alikuwa mwanamke mwenye ulimi, Mungu amrehemu, na kwa kuwa baba alikuwa ameikataa lugha yetu, naye alisema Kiswahili, kile chetu cha huku.

"Niachie mtoto hapa, kaka. Mtoto wa kike hatembeagi na mwanaume barabarani kama mbwa wa mwindaji."

"Sijakataa."

"Sasa mtalalaga wapi?"

"Tutaona mbele."

"Atakulaga nini huko?"

"Tutaona mbele."

"Na shule?"

"Dada, nimesema. Tutaona mbele."

Shangazi akapiga makofi mara moja, akayaacha yaanguke mapajani. "Haya. Nendeni basi mkaone hiyo mbele yenu. Mkishaiona, mniletee na mimi kidogo."

Moyo wangu uliruka. Mtu aliyenyonya Kiswahili kwa mama yake angesikia kwamba Mama hayumo ndani ya neno lile. Angesubiri "tutamwona". Mimi Kiswahili changu kilikuwa na matundu makubwa kuliko hilo. Mama ametangulia Mbele. Sisi tutaona Mbele. Ilikuwa wazi kama Bunda na Musoma. Mbele ni mji, Mama yuko huko, na baba anakwenda kumfuata ila hataki kumwambia shangazi, kwa sababu shangazi na Mama hawakupatana sana.

Nikaamua kutunza siri yake, na yangu nikaifunika kwa gauni la shule.

Kutoka Bunda tulikwenda Musoma, mtaa wa Kamunyonge, kwa rafiki yake baba aliyekuwa fundi wa malori. Huko baba alipata matairi mawili yaliyochakaa na ushauri wa bure. "Nenda nayo mbele," yule fundi alisema akijipangusa mikono kwa kitambaa. "Wenzetu kule wanazipenda katambuga. Huku siku hizi kila mtu anataka yeboyebo za plastiki." Nikamtazama kwa heshima. Naye alikuwa anaijua Mbele. Alikuwa hata anajua watu wake wanavaa nini.

Sitasahau Sirari. Kulikuwa na kamba iliyolegea katikati ya barabara, askari aliyekuwa anakula muhindi wa kuchoma, na akina mama waliovuka na kurudi na ndoo vichwani kana kwamba wanakwenda kisimani. Baba alionyesha karatasi yake ya kijiji yenye mhuri. Tukapita. Mimi ambaye leo pasipoti yangu ya pili imejaa mihuri, mhuri wangu wa kwanza ulikuwa wa mtendaji wa kijiji, na wino wake ulikuwa umepauka.

"Hapa ndipo Tanzania inaishia," baba akasema.

"Na Mbele inaanzia hapa?"

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu lile blanketi. "Eeh, mama. Mbele inaanzia hapahapa."

Baada ya hapo nilianza kutafuta. Sikutazama nyuso. Binti wa fundi hutazama chini. Kila soko tulilofika nilikaa nyuma ya sanduku na kuitazama miguu ya wanawake ikipita, yenye magaga, yenye rangi ya kucha, yenye bangili, yenye matope ya mpunga. Niliiruka ile iliyovaa viatu. Mama alikuwa peku, kwa hiyo yeyote aliyevaa hakuwa Mama. Nikiona mguu mtupu nilitazama kidole gumba cha kushoto. Kilikuwa kizima. Kila mara kilikuwa kizima. Sikukata tamaa. Mji ni mkubwa, nilijiambia, na kumbe hatujafika katikati yake.

Baba hakuwa na mpango wowote, na leo naweza kusema hivyo kama mtaalamu. Aliamka, akanusa hewa, akauliza lori la kwanza linakokwenda. Likisema Migori, tulikwenda Migori. Mvua ikinyesha tulikaa. Palipokuwa na tairi tuliishi, lilipokwisha tuliondoka. Tulilala kwenye baraza la kanisa, kwenye stoo ya mashine ya kusaga tukaamka weupe kama mizimu, na kwa mama mmoja aliyetupa chumba cha mbuzi na kuwahamishia mbuzi sebuleni. Wateja wangu wangenishtaki. Ninapowasikia leo wazazi wakisifu safari za namna hiyo, kwamba mtoto hujifunza uhuru, huwa nanyamaza. Mtoto hajifunzi uhuru. Mtoto hujifunza kuutazama uso wa mzazi wake kila asubuhi, kama mkulima anavyotazama wingu.

Jambo lililonitia hofu zaidi lilitokea Migori. Kijana mmoja aliinama juu ya bidhaa zetu.

"Mzee, hizi akala ni za kuuza?"

"Katambuga," baba akasema.

"Ni akala, mzee."

"Mimi ndiye niliyezitengeneza, kijana. Nimezibatiza katambuga."

"Basi umezivusha mpaka na jina la uongo," yule kijana akasema, na watu wote wakacheka, baba naye. Mimi sikucheka. Niliona Mama amesimama kwenye duka la watu hawa, peku, akiomba katambuga, na hakuna anayemwelewa. Lugha yetu alijifunza kwa shida, Kiswahili alikuwa nacho kidogo. Hii ya tatu angeipata wapi? Usiku wa jana alilalaje? Nilikula ugali wa siku ile bila kuuonja.

Kisumu kulikuwa na watoto wengi wakicheza mdako nyuma ya soko, na nilisimama karibu nao hadi mmoja akaniuliza kitu kwa Kijaluo. Nikajibu kwa Kizanaki, kwa makusudi, ili nijisikie. Ilikuwa muda mrefu sijaisikia sauti yangu mwenyewe katika lugha ile. Wakanitazama, wakaendelea kucheza. Mwanamke aliyeuza omena karibu nasi, samaki wadogo walewale tunaowaita dagaa, alimwuliza baba, "Na mama wa huyu ako wapi?"

"Mama ndiye huyu," baba akasema akinigusa kichwa.

Yule mwanamke alicheka, akanipa fungu la omena. Nikalishika bila kula. Nilikuwa nafikiri kwamba baba ni mwongo hodari, anavyoilinda siri yetu hata mbele ya watu wasiomjua shangazi.

Tulifika Busia wakati wa mchana, jua likiwa kali. Malori yalipanga foleni kuingia Uganda hadi huwezi kuona mwisho, na baba alifurahi, maana penye malori pana matairi. Lakini siku ile hakupata hata kipande. Katambuga zilizotengenezwa zikaisha, akabaki na kisu, chaki na kopo la maji. Akanituma nitoe shati lake jingine kwenye mfuko wangu. Nilichomoa shati, na pamoja nalo ukatoka mkanda wa katambuga.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama akitafuta kivuli aliuona kabla ya baba. Alikuwa mnene, mchangamfu, na miguu yake ilikuwa imepasuka visigino. "Ehe! Na unasema zimeisha? Mzee, hizo umefichia nani? Nipatie hizo."

"Si za kuuza," nikasema.

"Toa, toto. Miguu yangu inaungua."

"Si za kuuza! Ni za Mama."

Baba aligeuka. Aliinama akautoa ule mfuko mikononi mwangu, akaingiza mkono hadi chini, akazitoa zote mbili. Aliitazama ya kushoto. Sikuwahi kumwona mtu akitazama kitu hivyo, kana kwamba kimemwita kwa jina.

"Hizi umezitoa wapi?" alisema polepole.

"Chini ya kitanda. Alizisahau."

"Za nini?"

"Tukifika Mbele atavaa nini?"

"Mbele ni wapi huko?" yule mwanamke akadakia, na mwuza maji aliyekuwa jirani naye akaangua kicheko. "Mbele ni Uganda! Enda tu moja kwa moja, toto, utaipata baada ya geti!"

"Nyamazeni," baba akasema. Hakupaza sauti, lakini wakanyamaza. Akachuchumaa hadi uso wake ukawa chini ya wangu. "Nani amekuambia Mama yuko mbele?"

"Shangazi. Na katekista." Kisha nikaona hana habari kabisa, na hofu ikanishika. "Na wewe."

"Mimi?"

"Kila siku. Nikikuuliza tutalala wapi, unasema tutaona Mbele. Na kule mpakani ulisema inaanzia pale. Baba, huijui njia?"

Baba akaketi chini, si kwenye kigoda, chini kabisa kwenye vumbi, na katambuga mapajani. Malori yaliendelea kunguruma. Yule mwanamke mnene alijisogeza taratibu, akavua kanga yake ya mabegani, akaishika juu ya kichwa changu kunikinga na jua.

Ndipo baba akasema nami kwa Kizanaki. Lugha ilitoka imekauka, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Alisema Mama hayuko mbele. Alisema, "Mama yako tulimzika. Yuko nyumbani, nyuma ya ghala la mtama. Yuko nyuma. Mimi ndiye niliyemwacha nyuma, nikakukokota na wewe."

Watu wazima wanadhani nililia kwa sababu ya neno kuzikwa. Sivyo. Kuzikwa sikukuelewa vizuri. Nililielewa neno nyuma. Maana yake ni kwamba kila lori tulilopanda, kila soko nililokaa nikihesabu vidole vya wanawake, tulikuwa tunamwacha. Yeye alikuwa amekaa palepale nyuma ya ghala, peku, akitutazama tunapungua.

"Basi turudi," nikasema. "Baba, turudi sasa hivi."

Akatazama upande wa Uganda. Najua sasa alichokuwa anachagua. Geti la Uganda lilikuwa pale, na baada yake barabara nyingine, na mtu asiye na mpango anaweza kutembea hadi afe bila kufika nyumbani kwake mwenyewe. Akajipangusa vumbi. "Haya, mama," akasema, kwa lugha yetu. "Twende nyumbani."

Njia ya kurudi haina hadithi. Hatukusimama popote isipokuwa kulala na kula. Baba alizungumza njia nzima, kwa Kizanaki, habari zisizo na maana, hili ni shamba la miwa, yule ng'ombe amekonda, kama mtu anayenyoosha mguu uliokufa ganzi.

Butiama nyasi zilikuwa zimeanza kuota pale nyuma ya ghala. Nilizipanga katambuga juu ya udongo, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto, vidole vikielekea mlango wa nyumba, ili akivaa asihitaji kugeuka. Asubuhi hazikuwepo. Nikamkimbilia baba aliyekuwa akipiga mswaki uani.

"Amezichukua!"

Alitema povu. Alitazama mbali, upande wa mawe makubwa. "Eeh," akasema. "Amezichukua."

Nikaridhika. Sikuuliza tena. Nilipokua na kupata akili ya darasani niliamua kwamba ni mchunga ng'ombe aliyepita alfajiri, akajiokotea viatu vya bure. Sikumlaumu. Baba alioa tena, nikapata wadogo wa kiume, nikaondoka. Nilipoondoka kwenda Muscat alinisindikiza hadi Musoma stendi, akaniuliza nitafikia kwa nani. Nikamwonyesha karatasi iliyoandikwa kila kitu, mtaa, nyumba, namba ya simu. Akaisoma yote, akiifuata kwa kidole. "Vizuri," alisema. "Wewe unajua unakokwenda." Nilidhani ananisifu, na huenda alinisifu. Lakini alikuwa amesimama peke yake kati ya mabasi, akiitazama miguu yangu.

Jana, baada ya chakula cha mchana, nililifungua sanduku lile tena, safari hii hadi mwisho. Kisu kimelika kimebaki ukucha. Chaki. Misumari ndani ya kopo la maziwa. Vipande vya mkanda. Na chini kabisa, kwenye kitambaa cha gunia, jozi moja ya katambuga za kike, ya kushoto fupi kidogo, mkanda wake umepita upande.

Fundi aliyelia maisha yake yote kwamba mpira umeadimika. Alikuwa nazo mnadani kila siku, nusu mkono kutoka kwenye kisu, na hakuzikata.

Vidole vya Mama bado vimo. Mpira umeshika alama zake, vile vinne na kile kifupi, vyeusi na vinavyong'aa. Nikavua ndala zangu juu ya marumaru yangu, nikaingiza mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Nilitegemea zitanipwaya. Katika kichwa changu Mama alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye hatua nzito. Lakini kisigino changu kilibaki nje. Nilisukuma. Hakikuingia. Nikasimama pale katikati ya sebule, mwanamke mwenye diploma, visigino sakafuni, na ndipo nilipopiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga: Mama alikuwa msichana mdogo. Nimempita miaka mingi. Mimi ndiye niliyetangulia mbele, na kila siku naenda, naye amebaki nyuma ya ghala na umri wake uleule.

Nilikaa hadi jua likahama kwenye fremu ya diploma. Kisha nikachukua simu. Ile ratiba ya Uganda nikaifuta. Nilitaka kumwambia binti yangu mambo mengi, nikaona nina moja tu la kuanzia, swali ambalo baba yangu asingehitaji kumwuliza mtoto wake. Nikabonyeza, nikasema:

"Mwanangu, siku hizi mguu wako ni namba ngapi?"